Kashfa Haimo Kwenye Kamusi

Niseme mapema ili tusipotezeane wakati: programu ya kunasa kashfa kwa orodha ya maneno ni kazi bure. Tena ina madhara. Inamziba mdomo anayesema kweli, na inamfungulia mlango mchongezi anayejua kutabasamu.

Wazo hili halifi. Mteja ana tovuti ya habari, anaogopa kushtakiwa, anakuja kwako: "Niwekee kichujio. Likitokea neno mwizi, fisadi, malaya au tapeli, zuia." Nasi wanaprogramu tunakubali kwa sababu ni kazi ya alasiri moja. Orodha ya maneno, kitanzi kimoja, ankara inatumwa. Siku hizi orodha imevaa suti: mtambo unaosoma sentensi moja moja na kuipa alama za "sumu". Suti ni mpya, tatizo ni lile lile.

Hebu tuangalie kesi mbili za Uingereza. Nazichukua huko kwa sababu sheria yetu ya kashfa, Sura ya 36, ina mizizi huko, na mawakili wetu bado hunukuu hukumu za London mbele ya majaji wa Nairobi.

Kesi ya kwanza. Tarehe 2 Novemba 2012, kipindi cha Newsnight cha BBC kilidai kwamba mwanasiasa mkubwa wa enzi za Thatcher alidhulumu watoto. Hakikumtaja. Mtandaoni watu wakaanza kubahatisha, na jina la Lord McAlpine likazagaa. Alikuwa hana hatia. Alifananishwa na mtu mwingine. Siku mbili baadaye Sally Bercow, mke wa Spika wa Bunge, akawaandikia wafuasi wake zaidi ya 56,000 kwenye Twitter. Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno 7 tu ya Kiingereza, ambayo kwetu ni kama kusema: Mbona Lord McAlpine anavuma? *Uso usiojua kitu*.

Tafuta tusi hapo. Hakuna. Tafuta tuhuma. Hakuna; kuna swali. Lakini mwezi Mei 2013 Jaji Tugendhat aliamua kwamba ujumbe ule ulikuwa kashfa. Wasomaji wake walikuwa wanafuata habari za wiki ile. Walijua kuna mwanasiasa asiyetajwa, na hapa wanapewa jina. Yale maneno ya mwisho kati ya nyota mbili, alisema jaji, yalisomwa kama kikatuni cha uso, na uso huo ulikuwa wa kejeli. Bercow aliomba radhi na kulipa fidia.

Kesi ya pili, Stocker dhidi ya Stocker. Mwaka huo huo wa 2012, mwanamke alimwandikia mpenzi mpya wa aliyekuwa mume wake kwenye Facebook kwamba mwanamume huyo aliwahi kujaribu kumnyonga. Mwanamume akashtaki. Jaji wa kwanza akafungua kamusi ya Oxford, akakuta maana mbili: kuua kwa kukaba koo, au kubana koo hadi liume. Akapiga hesabu kama kompyuta: "alijaribu" ni kusema hakufaulu, koo kubanwa lilibanwa, basi kilichoshindikana ni kuua. Kwa hivyo, mama huyu anamwita mwenzake muuaji aliyekosa shabaha.

Mahakama ya Rufaa ikamuunga mkono. Tarehe 3 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikalitupa jambo hilo nje. Msomaji wa kawaida wa Facebook hakai na kamusi mkononi, ilisema. Hupitisha macho haraka na kuendelea. Angeelewa kwamba mwanamume alimkaba mke wake koo, basi. Na polisi walikuwa wameona alama nyekundu shingoni mwake mwaka 2003.

Sasa zipitishe zote mbili kwenye kichujio chako. Ujumbe wa Bercow unapita salama, kwa sababu hauna neno baya. Ushahidi wa mwanamke aliyekabwa koo unazuiwa, kwa sababu una "kunyonga". Mwenye kosa anapeta, mwenye haki ananyamazishwa. Hiyo ndiyo bidhaa tunayomuuzia mteja.

Ajabu ni kwamba sisi waswahili tulipaswa kulijua hili kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa kodi. Akufukuzaye hakwambii toka. Pwani mtu huvaa kanga akapita mlangoni kwa jirani, na jirani akasusa mwezi mzima. Maandishi ya kanga ile yamechapwa kwa maelfu na kuuzwa kila duka. Kilichouma ni nani kavaa, lini, na kapita mbele ya nani. Andika regex ya hiyo!

Au chukua sentensi hii niliyoitunga: "Mweka hazina wetu ni mchapa kazi kweli, mshahara elfu 40 na ghorofa 4 Kitengela." Sifa tupu, na kila mwanachama wa chama ameelewa. Sasa chukua "Mweka hazina si mwizi, hesabu zimekaguliwa." Hii inamsafisha mtu, na kichujio chako kinaizuia. Neno "fisi" kwenye ukurasa wa mbuga ya Mara ni mnyama. Ukilitia kwenye habari ya mwalimu na wanafunzi wa kike, umeharibu jina la mtu.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ilitoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" likiwemo. Chuki na kashfa ni makosa mawili tofauti, lakini orodha ina kasoro ile ile: haijui kama unazungumzia jirani au shati.

Najua jibu: "Maoni ni maelfu kwa siku, nani atasoma yote?" Sawa. Mashine ipange foleni, isitoe hukumu. Nikipewa kazi hiyo, ninaandika hivi:

- Hakuna chapisho linalofutwa na mashine peke yake kwa sababu ya neno moja.
- Anayekagua aone habari iliyo juu, majibu yaliyo chini, tarehe na vikatuni vyote, pamoja na sentensi iliyolalamikiwa.
- Mlalamikaji aeleze: msomaji wa kawaida angeelewa nini, na kwa nini?
- Uamuzi uwe wa binadamu anayejua lugha ya watu hao, na mwandishi apewe nafasi ya kujitetea.

Ni ghali zaidi kuliko kitanzi kimoja, sikatai. Mwambie mteja hivyo waziwazi. Mwambie pia kwamba siku ya kesi jaji hatauliza orodha yako ilikuwa na maneno mangapi. Atauliza waliosoma walielewa nini.

Na nyinyi wa "mimi nimeuliza tu", mkimalizia na kauso kanakotabasamu: mahakama inajua kusoma nyuso.