Acheni watoto wachore, hata wakikosea



Juma lililopita nilitembelea familia moja iliyokimbia kwao na kupokelewa hapa Kamina. Kijana wao, wa miaka kumi hivi, alikuwa na kaye na biki. Nikamwomba anichoree nyumba yao ya kule walikotoka. Akaangalia karatasi, akaangalia mama yake, mwishowe akafunga kaye. "Nitaharibu," akasema.

Neno hilo ninalifahamu. Nilipokuwa mtoto, mwalimu mmoja aliinua mchoro wangu mbele ya darasa zima: mbuzi mwenye miguu mitano. Walicheka mpaka kengele ikalia. (Mguu wa tano ulikuwa mkia, lakini nani aliuliza?) Nilikaa miaka mingi bila kuchora kitu.

Kwa maoni yangu, mtoto hazaliwi na woga huo. Unaletwa na bei ya karatasi na kicheko cha sisi wakubwa. Kaye ni ya masomo, na kwa familia iliyoacha kila kitu nyuma, kila ukurasa una hesabu yake. Lakini mtoto yule yule mpe kijiti, atachora mavumbini bila kuuliza mtu. Akikosea, anafuta kwa mguu.

Tukumbuke pia ya jimbo letu. Kule Bukama, kwenye njia hii hii ya reli, mwaka 1926 Mbelgiji mmoja wa utawala wa kikoloni, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa kwenye kuta. Akamjua Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles mwaka 1929, kisha Genève mwaka 1930. Na mwaka 2015, Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, hesabu ilianzia mwaka ule wa 1926.

Mimi ninawaza hivi: ukuta ulimsaidia. Ukuta wa udongo ukiuharibu, unaupaka upya. Rangi ya maji ikishaingia kwenye karatasi haitoki kirahisi, na mkono unaotetemeka hauiwezi.

Lubumbashi vilevile, katika karakana ya wachoraji aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, Bela alichora kwa ncha za vidole, bila brashi. Hakulazimishwa kuiga michoro ya Wazungu.

Najua wengine watasema: watu wana njaa, wewe unatuletea michoro! Njaa ni ya kweli, sibishani. Lakini kipande cha makala kiko tayari jikoni, na kijana yule ana kichwani nyumba ambayo hakuna picha yake hata moja iliyobaki.

Mama yake alinielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Alimpa kipande cha makala, akamwonyesha ukuta wa nyuma. Kijana akaanza na mlango, mkubwa kupita paa. Mama akaja kutazama, mikono bado ina unga.

"Mlango ulikuwa upande ule mwingine," akasema. "Karibu na mwembe."

Kijana akafuta kwa kiganja, akaanza tena.