Bomba likigonga ukutani, kagueni laini ya bustani

Mtu akifunga maji ya springla za ukoka uani, kisha bomba likagonga ndani ya ukuta wa jikoni kama mgeni anayebisha hodi, fundi akiitwa jibu huwa jepesi: "Ni hewa." Hewa ipo kweli. Maji yakikatika nusu siku na kurudi, koki hukohoa na kutema. Lakini hewa hukohoa maji yanapofunguliwa. Kugonga kunakokuja maji yanapofungwa ni tatizo jingine, na familia zinazoambiwa zisubiri hewa itoke zinasubiri mpaka kiungo kipasuke.

Maji yanayokimbia ndani ya bomba yana uzito na mwendo. Yakizuiwa ghafla, nguvu ile hugeuka presha inayorudi nyuma kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde na kutikisa kila elibo na kila kipande kisichoshikwa na klipu. Mwanasayansi Mrusi Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwaka 1897 na 1898, na kanuni yake inatumika hadi leo.

Hesabu yenyewe inaweza kuanzia kwenye ndoo. Koki ya bustani ikijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, maji ndani ya bomba la nusu inchi yanakwenda karibu mita 2 kwa sekunde. Yakizibwa ghafla kabisa kwenye bomba la chuma, presha hupanda kwa zaidi ya baa 20 juu ya ile iliyokuwapo, na baa moja tu inatosha kupandisha maji mita 10. Plastiki hutanuka kidogo, kwa hiyo pigo lake ni dogo, ingawa bado ni baa kadhaa. Kwa ndoo ileile, bomba la robo tatu hupunguza mwendo karibu nusu, na pigo nalo hupungua kiasi hichohicho.

Kinachoileta bustani kwenye kesi hii ni tanki. Nyumba za Nyasho mjini Musoma, kama za miji mingi ya Tanzania, huwa na simtanki juu ya mnara ili jikoni na bafuni pasikauke maji ya bomba yakikatika. Tanki lililoinuliwa mita 4 hutoa presha ya baa 0.4, ilhali springla nyingi zinataka baa 2 hivi ndipo zizunguke vizuri. Fundi hukwepa shida hiyo kwa kuitoa laini ya bustani kabla ya tanki, moja kwa moja kutoka kwenye dira ya maji. Springla zinarusha maji, mwenye nyumba anafurahi. Lakini sasa valvu ya umeme, au koki ya robo mzunguko inayofungwa kwa kofi moja, inasimamisha maji yenye presha yote ya mtaani, kwenye bomba refu lililofukiwa juujuu, na pigo linarudi hadi kwenye bomba linalopanda tankini.

Kabla ya kubomoa kigae chochote, ifungwe koki kuu ya bustani kwa siku moja. Bomba likinyamaza, mkosaji amejulikana. Likiendelea kugonga, apande mtu kwenye mnara akatazame floti. Tanki linapokaribia kujaa, mawimbi madogo hulichezesha boya. Valvu inafunga, inafungua, inafunga tena, na kila mara bomba linapigwa. Ashike mkono wa floti kwa vidole. Mlio ukikatika, kinachohitajika ni floti mpya.

Kosa likiwa la bustani, dawa inaanzia kwenye mwendo wa maji: bomba pana zaidi, springla chache kwa zamu moja, valvu inayofunga polepole, na kipunguza presha baada ya dira. Klipu zifungwe pia, ingawa hizo hunyamazisha mlio zaidi ya kuondoa presha. Nchini Marekani, kanuni za ufundi bomba hudai kipunguza presha pale presha ya mtaani inapozidi baa 5.5 hivi. Fundi wa Musoma asingoje adaiwe. Akiandika makadirio ya bustani bila kifaa hicho na bila kupima presha, kazi yake haijakamilika, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa kulipa hadi ikamilike.

Mji wenyewe unadai umakini huo. Musoma inapata maji ya Ziwa Victoria kupitia mtambo wa Bukanga, uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 36 kwa siku, na kwenye mji wenye vilima kila mita 10 za kushuka huongeza baa moja. Nyumba ambayo mabomba yake yalilazwa enzi za maji hafifu inapaswa kukaguliwa upya. Mamlaka ya maji, MUWASA, ingewasaidia sana wateja kama ingepima presha dirani siku ya kuunganisha na kuwaandikia namba hiyo, kwa sababu kiungo kikiachia baada ya dira, kila lita inayomwagika chini ya ukoka inahesabiwa kwenye ankara ya mteja.