Vuta N'Kuvute: Tuliishangilia Ugenini, Tukaisahau Nyumbani

Hivi karibuni nilitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba moja hapa Fumba, nikaonesha filamu ya Vuta N'Kuvute. Walikuja watu kama arubaini: wavuvi, akina mama wakulima wa mwani, wanafunzi wangu wachache na wazee. Niliuliza nani ameshaiona. Hakuna aliyenyanyua mkono. Nikauliza nani ameisoma riwaya yake. Vijana karibu wote walinyanyua mikono, kwani waliifanyia mtihani.

Huo ndio msiba wetu. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 tumeigeuza orodha ya dhamira na wahusika ya kukaririwa kidato cha sita na kusahauliwa baada ya matokeo. Amil Shivji akaitoa kwenye karatasi, akaipa sura, sauti na vichochoro vya Mji Mkongwe. Filamu ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Tulipongezana, kisha tukanyamaza. Wenye nyumba hawakuuona mgeni aliyezungumza lugha yao.

Nimesikia hoja kwamba hii ni filamu ya mapenzi tu, haina siasa ya kutosha. Hoja hiyo siikubali. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa mume aliyemzidi umri mno; anaikimbia ndoa na kupata hifadhi kwa Mwajuma, ng'ambo ya mipaka aliyolelewa kuiheshimu. Denge, mkomunisti, anatafuta uhuru huku polisi wa Mwingereza wakimtafuta yeye. Katika Unguja ya miaka ya 1950, watu hawa kukaa chumba kimoja ilikuwa siasa tosha. Utawala ule ulitugawa kwa kabila hata katika viti vya Baraza la Kutunga Sheria: Baraza lilianza mwaka 1926, Mwafrika wa kwanza akateuliwa mwaka 1946. Dola inayohesabu watu namna hiyo huingia mpaka kwenye posa na ujirani.

Nadhani hapo ndipo filamu inapotutia tabu. Historia yetu ya majukwaani huanza Januari 12, 1964, na kila kilichotangulia hufanywa utangulizi, chenye watu wa rangi mbili tu: waovu na wema. Denge, Yasmin na Mwajuma hawaenei katika hesabu hiyo. Wanatukumbusha kwamba kulikuwa na watu waliomkataa mkoloni bila ya kukataana wao kwa wao. Ni kumbukumbu isiyomfaa mwanasiasa anayevuna kura kwa kufukua makaburi.

Siisifu filamu kwa upofu. Mzee mmoja, baada ya shuka kukunjwa, alilalamika kwamba hakuona shamba wala ng'ombe. Alikuwa mtoto mwaka 1951, wakulima wa Kiembe Samaki walipokataa mifugo yao ichanjwe kwa amri, ilhali ardhi yao ilikwisha kuliwa na kiwanja cha ndege. Walifungwa, umma ukataka kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Tunaviita Vita vya Ng'ombe. Atokaye Fumba kwenda mjini hupita jirani na mahali hapo, na aghalabu hajui. Mzee ana haki: kamera ilibaki mjini. Lakini asingeikumbuka kasoro hiyo mbele ya jirani zake lau asingeoneshwa filamu. Kazi ya sanaa ni kufungua mdomo uliofungwa.

Sasa tazameni hali yetu. Majestic ya Vuga, iliyokuwa sinema ya watu, imeachwa ikachakaa. Tamasha la ZIFF hutupa siku chache kwa mwaka. Hapa Fumba majumba mapya yanachipuka kila upande, na bei zake zinatangazwa mpaka ng'ambo. Sijaona tangazo la ukumbi ambapo mtoto wa mvuvi atakaa kutazama hadithi ya bibi yake.

Kwa watumishi wa wizara wanaonisoma: iingizeni filamu hii skuli, ioneshwe kabla ya mtihani, na wanafunzi waachwe waibishie. Kwa wanafunzi na wanaharakati: msisubiri waraka. Shuka letu liligharimu kidogo sana, na mazungumzo yake yaliendelea mpaka usiku wa manane.