Picha Isiyofanana na Mwenyewe

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili, nami nimeipokea kwa furaha, maana jambo nililo nalo lahusu gazeti letu lenyewe. Kabla ya mitihani, kamati ya gazeti italeta tena mpiga picha wa mjini, awapige picha wanafunzi wa kidato cha sita tunaomaliza, na picha hizo zitachapwa katika kurasa za katikati kama ilivyo desturi. Naomba mwaka huu zichapwe kama zilivyopigwa: bila kulainishwa ngozi, bila kufanywa weupe, bila kupunguzwa mashavu wala kutuniswa vifua. Najua wengi wa wenzangu hawalipendi ombi hili, na wamekwisha kuniambia hivyo bwenini. Basi na wanisikilize kwanza, kisha waseme yao katika toleo lijalo.

Ninyi mliosoma hapa zamani pengine hamjui mambo yamefika wapi. Enzi zenu walikuwako mafundi wa kurekebisha picha, lakini walifanya kwa mkono. Fundi alichukua filamu, akachonga penseli mpaka ikawa kama sindano, akainama juu ya meza yenye taa akiziba chunusi moja moja. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, na mtu wa kawaida hakuwa na fedha ya kulipia mambo hayo. Mwaka 1990 ikatoka programu ya kompyuta iitwayo Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, na kazi ya saa ikawa ya dakika. Leo hata dakika haitakiwi. Simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina kitu cha kurembesha uso ndani ya kamera, na nyingine hukiwasha zenyewe. Unajipiga picha, unajiona, unasema, kumbe mimi ni mzuri hivi! Lakini aliyeko pale si wewe.

Tazameni kurasa za mwaka jana. Simlaumu mpiga picha, maana alifanya alivyozoea, na wengi walimshukuru. Lakini hesabuni rangi zilizomo. Vijana wametoka Arua, Moroto, Kabale, Busia, na wengine wavuka mpaka kutoka Kongo na Sudani Kusini, na wote wamekuwa na rangi moja, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Paji la uso la kila mmoja lateleza kama sahani ya udongo. Mmoja, ambaye wote twamjua kwa kovu la kwenye nyusi alilolipata uwanjani akituokolea goli, hana kovu tena. Na yule aliyekuwa kiranja wa bweni letu ana mwanya katika meno ya mbele, mwanya wa ukoo, alio nao baba yake na babu yake pia. Kompyuta iliufunga. Alipokuja kuchukua cheti chake alitueleza kwamba nyanya yake alilishika gazeti, akalisogeza karibu na dirisha, akauliza, "Na huyu ni mtoto wa nani?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka sana.

Waganda huiita picha *ekifaananyi*. Mtu ajuaye Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa kuwa *okufaanana* na kufanana ni maneno ya tumbo moja. Picha ni kitu kinachofanana na mwenyewe, na kazi yake ya kwanza ni hiyo. Mwaka 1875 Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa I pamoja na wakuu wake, na mpaka leo atakaye kuijua sura ya Kabaka yule huiendea picha hiyo. Kama Stanley angalikuwa na simu ya siku hizi, sijui leo tungekuwa twamtazama nani.

Kuna anayesema, hayo ni mambo madogo, ni kuondoa chunusi tu. Ningekubali kama ingekuwa chunusi tu, kwa maana chunusi huja na kwenda. Lakini angalieni mashine yaondoa nini na kuongeza nini. Haijapata kumfanya mtu awe mweusi zaidi ili apendeze. Haijapata kuipanua pua. Kila mara yaelekea upande mmoja. Na pale picha ilipotiwa weusi kwa makusudi, tazameni ilikuwa kwa ajili gani. Mwezi wa Juni 1994 gazeti la Marekani liitwalo Time lilichukua picha ya polisi ya O. J. Simpson, aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji, likaitia giza na kuiweka juu ya jalada. Wiki ile ile gazeti jingine, Newsweek, lilitoa picha ile ile bila kuigusa, na watu walipoziona pamoja mezani wakapiga kelele. Weusi ulitumiwa ili mtu aogopwe. Sasa mtu anapotiwa weupe ili apendwe, hiyo ni sarafu ile ile, imegeuzwa upande wa pili.

Wala tusidhani kwamba mambo haya huwapata wasio wazuri. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2014, alipigwa picha ya jalada la gazeti la Grazia la Uingereza mwezi wa Novemba 2017. Gazeti lilipotoka, nywele zake za kisogoni, nywele za kipilipili kama za dada zetu, zilikuwa zimefutwa, na zilizobaki zimelainishwa. Yeye hakunyamaza. Alizitoa picha za kwanza na za pili, akaziweka bega kwa bega kila mtu azione. Gazeti likaomba radhi, na mpiga picha naye akaomba radhi. Mimi najiuliza: ikiwa mwanamke yule, ambaye dunia nzima yamsifu kwa uzuri, alionekana na mtu mmoja mbele ya kompyuta kwamba amezidi nywele, je, dada yangu wa kidato cha pili ataonekanaje?

Dada yangu huyo ndiye anayenifanya niandike. Alipokuwa nyumbani likizo iliyopita alikuwa hatoki nje kupigwa picha na jamaa mpaka simu iliyo na filta ipatikane. Kwa simu nyingine alijificha nyuma ya shangazi. Mwaka 2021 karatasi za ndani za kampuni ya Facebook zilifichuliwa, na ndani yake wachunguzi wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba katika wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya juu ya miili yao, 32 kwa kila 100 walisema Instagram iliwazidishia. Kampuni ilijua. Na sisi wavulana tusijifanye hayatuhusu. Nani katika bweni letu hajaitazama picha ya kijana mwenye tumbo lililogawanyika kama mkate wa kukatakata, akaanza kuruka chakula cha jioni?

Tena jambo haliishii kwenye picha. Mtu akijizoeza kujiona mweupe kwenye simu, kesho akitazama kioo cha kunyolea humwona mgeni, na keshokutwa atakwenda dukani kutafuta mafuta ya kuufanya uso ulingane na picha. Mafuta hayo baadhi yake yana zebaki, nayo zebaki huharibu figo. Rwanda mwishoni mwa mwaka 2018 ilianza kuyaondoa madukani kwa nguvu. Ni kazi njema, lakini serikali haiwezi kuingia ndani ya simu ya kila mtu.

Nisije nikaonekana nawatupia wageni lawama zote. Mwaka 1861 Speke alifika Karagwe kwa Mukama Rumanika, akakuta wanawake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa mfululizo mpaka wengine hawawezi kusimama, kwa kuwa unene ule ndio uliokuwa urembo. Huko Ankole pia mabibi harusi wa Kihima walinoneshwa hivyo hivyo. Basi wazee wetu nao waliulazimisha mwili ufuate sura waliyoitaka, na msichana aliyelazimishwa kumaliza kibuyu hakuwa na raha kuliko huyu wa leo anayekataa ugali. Siyasifu mambo ya zamani kwa sababu ni ya zamani.

Hoja ya wenzangu iliyo na nguvu ni hii: mtu akienda kupiga picha huvaa shati safi, huchana nywele, hujipaka mafuta, je, huo nao si udanganyifu? Nimeifikiri sana hoja hii. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwaazima wateja makoti ya Kizungu, saa, hata redio ya kushika, wakatoka kwenye picha kama matajiri. Lakini uso aliuacha. Makovu ya kabila yamo, mikunjo ya shingo imo, mikono mikubwa ya wafanya kazi imo chini ya mikono ya koti la kuazima. Mtu alichagua mwenyewe, mbele ya kamera, jinsi atakavyosimama. Kile anachokivaa mtu ni chake. Kile anachonyang'anywa baadaye, yeye hayupo, hajaulizwa, hicho ndicho ninachokikataa.

Tena si kila kurekebisha ni kosa, na hapa wenzangu wa chama cha picha watanielewa. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wakaiita "Shirley", na kwa ngozi yake wakapima kama rangi zimetoka sawasawa. Ngozi nyeusi haikupimwa. Kwa hiyo mtoto mweusi akipigwa picha pamoja na Wazungu, huonekana macho na meno tu. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wa chokoleti na wa meza za mbao walilalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri, na malalamiko yao yalisaidia kuifanya filamu iwe bora. Chokoleti ilisikilizwa! Kwa hiyo kuongeza mwanga ili uso mweusi uonekane ulivyo ni haki. Kuubadilisha uwe uso mwingine ni jambo tofauti, na fundi mwenye macho hakosi kujua mpaka ulipo.

Hata ubaya wa picha zetu za shule waanzia hapo. Kamera hujipimia mwanga kwa kutazama yote yaliyo mbele yake. Sisi tumevaa mashati meupe, tumesimamishwa mbele ya ukuta wa chokaa wa kanisa, saa sita ya mchana. Kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga. Shati latoka vizuri, uso wazama gizani. Ndipo mpiga picha hurudi mjini na kuupaka uso weupe kwa kompyuta. Dawa yake haigharimu kitu. Tupigwe saa tatu asubuhi, barazani mwa maktaba, kivulini lakini karibu na uwazi, nyuma yetu matofali mekundu, na mwanga upimwe usoni. Kwa simu ni kugusa uso kwenye kioo, basi. Nimejaribu Jumamosi mbili na wenzangu watano, mmoja wao mweusi kuliko wote shuleni, na picha nimemkabidhi Bwana Mhariri azione.

Ufaransa tangu Oktoba 2017 yalazimisha tangazo lenye picha ya mwili uliopunguzwa au kuongezwa liandikwe kwamba limerekebishwa, na Norway ilifuata kwa sheria yake mwezi wa Julai 2022. Sisi hatuhitaji bunge. Kamati ina watu saba, nao hukutana kila Alhamisi baada ya michezo. Nawaomba waandike sharti moja katika barua ya kumwita mpiga picha: mwanga arekebishe, mwili asiguse. Na asiyetaka picha yake ichapwe hivyo asilazimishwe. Jina lake liandikwe bila picha.

Kwenu mabwana mliotutangulia nina ombi jingine. Katika maktaba hatuna hata picha moja ya darasa ya kabla ya mwaka 1971. Aliye nayo kabatini, hata kama imeliwa na mchwa pembeni, atupelekee tuinakili, kisha tutamrudishia kwa mkono wa mtu. Tafadhali andikeni nyuma majina ya waliomo kwa penseli, kuanzia kushoto, na mtuoneshe ninyi wenyewe ni wa ngapi.