Mwanao anatengeneza gemu? Mwanzishe na kitu kidogo

NI saa tano usiku. Kijana wa kidato cha pili bado yuko sebuleni na kompyuta ya familia. Mama akimuuliza kwa nini halali, jibu ni lile lile: “Sichezi mama, natengeneza gemu yangu.” Gemu yenyewe aliianza miezi mitatu iliyopita, na mhusika wake bado hajaweza hata kutembea.

Hapo kosa si gemu. Kijana ameanzia kwenye programu kubwa za watu wa kazi hiyo, na kazi isiyoonekana mwisho ndiyo inayomla usingizi.

Njia nyepesi ipo. Ni konsoli za kufikirika, yaani programu zinazoigiza mashine za gemu za kaseti za miaka ya 1980, ingawa mashine zenyewe hazijawahi kuuzwa dukani. Humo mtoto anakuta kila kitu pamoja: pa kuandika maelekezo, pa kuchora, pa kupanga ramani, pa kutunga sauti na muziki. Kila kitu kina kikomo, na kikomo hicho ndicho kinachomsaidia kumaliza.

Zinazotajwa zaidi ni mbili.

PICO-8 ina skrini ya nukta 128 kwa 128, rangi 16 kwa wakati mmoja, na inatumia lugha ya Lua. Bei yake ni dola 14.99 za Marekani, unalipa mara moja. Lipo pia toleo la elimu la bure linalofunguka kwenye kivinjari. Usiidharau kwa udogo wake: Maddy Thorson na Noel Berry walitengeneza humo Celeste ya kwanza kwa siku nne tu, kabla ya gemu kamili kutoka mwaka 2018.

TIC-80, toleo la kawaida, ni ya bure kabisa. Skrini yake ni pana zaidi, nukta 240 kwa 136, na inakubali lugha kadhaa, zikiwemo Lua, JavaScript na Python.

Mzazi achague ipi? Kama bando la nyumbani ni la kuhesabu na hela ya kununua programu haipo, pakua TIC-80 mara moja; mtoto ataendelea bila intaneti. Kama tayari anajifunza Python, hiyo hiyo inamfaa. Kama ni mtu wa kuanza mambo mengi bila kumaliza, PICO-8 itambana vizuri zaidi. Ajaribu kwanza toleo la elimu, hela ifuate akiwa amemaliza gemu moja.

Yoyote mtakayochagua, usingizi usiguswe. Wataalamu wanapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Kila baada ya dakika 20 ainue macho, atazame kitu kilicho mbali mita sita hivi kwa sekunde 20. Kompyuta izimwe saa moja kabla ya kulala.

Badala ya kumfokea usiku, mpe kazi yenye tarehe: gemu moja, skrini moja, iwe tayari Jumapili mchana mdogo wake aicheze. Mdogo mtu akishindwa kuielewa, fundi mwenyewe atajua pa kurekebisha, tena mchana.