Fundi Aulize Nasaba Kabla ya Kuwasha Upya

Hesabu za wajawazito na watoto zinazoandikwa katika vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) huko Liuli, Lituhi na Mbamba Bay hatima yake ni kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao uundaji wake unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulioandikwa kwa Java, na ambao aghalabu huendeshwa juu ya seva ya Tomcat. Kwa hiyo hitilafu za maktaba za Java, zidhaniwazo kuwa kadhia ya mafundi wa mijini, zinamhusu pia mganga wa zahanati ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Programu ya Java hubeba maktaba, yaani mafaili ya JAR yenye klasi zilizotungwa na wengine. Tomcat inapohitaji klasi, ukiacha zile za msingi za Java, hutazama kwanza ndani ya programu yenyewe, katika WEB-INF, ndipo iende kwenye folda ya lib ya seva nzima. Zikiwapo nakala mbili za matoleo tofauti, programu huweza kuishika isiyotarajiwa ikaanguka kwa NoSuchMethodError, ilhali maktaba anayoitafuta fundi ipo mbele ya macho yake. Tena katika Java klasi haitambuliwi kwa jina tupu, bali kwa jina pamoja na kipakiaji (class loader) kilichoileta. Ndivyo ilivyo Mbinga, ambako ukimwulizia Mzee Ndunguru sharti kwanza useme ni wa nyumba ipi. Ndiyo sababu ClassCastException huweza kudai kwamba klasi haiwezi kugeuzwa kuwa klasi yenye jina lile lile.

Rai yangu ni kwamba desturi ya kutupia JAR nyingine katika folda ya seva nzima, kisha kuwasha upya na kuomba heri, ikomeshwe. Najua udhuru wake: wagonjwa wanangoja, na mkubwa anapiga simu. Lakini tiba isiyojua ugonjwa huzaa mwingine, maana JAR iliyoiponya programu moja leo huweza kuiangusha jirani yake kesho. Fundi aiwashe seva kwa chaguo la -verbose:class, asome logi mstari kwa mstari, aone kila klasi imetoka faili lipi. Na mwenye kujenga programu kwa Maven aulize mvn dependency:tree, imwonyeshe maktaba ipi imeingia kwa mkono wa ipi.

Desemba 2021, ilipofichuka kasoro ya usalama katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika logi, mafundi duniani kote walihangaika kuisaka maktaba hiyo, na wengi hawakuwa na daftari la kuwaambia imo wapi. Halmashauri zetu, basi, zisipokee mfumo wowote wa Java bila orodha ya maktaba zake na matoleo yake. Na mkandarasi asiyeweza kuitoa asilipwe malipo ya mwisho.