DJ wa Klabu Anaweza Kukuharibia Harusi: Soma Hii Kabla Hujatuma Doh

Ukiona Disemba imekaribia, unajua rieng. Simu inalia, umeongezwa kwa grupu ya WhatsApp ya harusi ya beshte yako, na kabla usome meseji ya kwanza, mweka hazina ashatupa namba ya kutuma mchango. Mnakutana kila Jumapili jioni. Mnabishana wiki mbili kuhusu rangi ya tenti, wiki tatu kuhusu keki. DJ? Huyo anachaguliwa dakika tano za mwisho, wasee wakishasimama kwenda. Mmoja anasema, "Kuna msee najua, anacheza klabu moja Thika Road, huyo ni moto." Imeisha hivyo. Kikao kinafungwa na maombi.

Mimi nimekaa kwa kamati kama hiyo. Harusi ilikuwa Kitengela, bibi harusi wa Murang'a, bwana harusi wa Siaya, na DJ alikuwa jina kubwa kwa maklabu. Tulimwambia saa nne, akafika saa saba. Akafungua laptopu, akaanza na amapiano. Manze, hiyo mixi ilikuwa tamu, siwezi danganya. Lakini iliinua watu kama kumi na wawili, sisi mabeshte tu. Wageni wengine, karibu mia tatu, walikaa kwa viti wakitutazama kama tangazo la TV. Wamama wa Murang'a tenti ya kushoto, wamama wa Siaya tenti ya kulia. Saa kumi na moja kila upande ukapanda basi yake, hata majina hawajajuana.

Watu walichanga miezi minne ndio hizo familia mbili zikutane. Zilikutana kwa foleni ya chakula peke yake.

Ndio maana nakuambia hivi: DJ wa harusi hachaguliwi kwa ukubwa wa jina. Anachaguliwa kwa uwezo wa kusoma watu ambao hawakuja kumwona yeye.

Klabu na harusi ni kazi mbili tofauti

Kwa klabu watu wamejichagua. Wako karibu rika moja, kuna giza, kuna vinywaji, na kama ngoma haiwabambi wanahamia klabu ya jirani. Kwa harusi uko na shosho wa miaka themanini, pasta, watoto wanakimbizana, bosi wa bibi harusi, na mbogi ya campo. Ni saa nane mchana, jua linawaka, na wengi wameshika soda. Kuinua huo umati ni kazi ngumu kuliko kuwasha klabu usiku wa manane.

Halafu kuna maneno ya ngoma zenyewe. "Wamlambez" ya Sailors ilitoka 2019 na ikawasha kila mtaa Kenya hii. Sasa jaribu kuicheza pasta akiwa bado na sahani ya pilau mkononi. DJ anayejua kazi ya harusi anajua ngoma ipi ni ya mchana na ipi inangoja wazee wapande gari.

Mbona siku hizi tunakosea sana? Kitambo DJ ulimjulia kwa watu. Ulimsikia kwa matatu, ukamwona kwa sherehe ya mtaa, ukaona vile umati unamfuata. Halafu Machi 2020 Corona ikafunga kila kitu. Maklabu yakafungwa, harusi zikabaki za familia ya karibu, kafyu ikaingia na haikutoka hadi Oktoba 2021. Ma-DJ wakahamia mtandaoni, wakacheza moja kwa moja kwa YouTube na Facebook, na wengi wao walipatia hapo jina. Hakuna makosa, watu lazima wale. Shida ni kwamba tulianza kupima DJ kwa idadi ya watu waliotazama. Mixi ya YouTube haina shosho ndani yake. Haina ukimya wa wageni mia tatu wanaokutazama ukikosea. Msee anaweza kuwa fundi wa kuunganisha ngoma na bado asijue kuinua macho kutoka kwa laptopu.

Jua watu wako kwanza

Kabla hujapigia DJ yeyote simu, kaa chini na wageni wako kichwani. Ni wazee wangapi? Wanatoka wapi? Kanisa lao linaruhusu nini? Ukishajua hayo, utajua unatafuta nani.

Chukua ile harusi ya Kitengela. Dawa ilikuwa hapo hapo. Mugithi ni "treni" kwa Kikuyu, na inachezwa watu wakifuatana, mmoja ameshika wa mbele. Huo msururu haumwachi mtu. Ukipita karibu na tenti ya Siaya, shangazi mmoja atavutwa, na wa pili atamfuata akicheka. Baada ya hapo unaweka ohangla, wenyeji wanageuka walimu, na wale wa Murang'a wanajaribu kuyumbisha mabega. Mambo yakipoa, unaingiza rhumba ya Kongo, kina Franco na Madilu System, kwa sababu hiyo haina upande. Wazee wa Murang'a na wazee wa Siaya wote waliichezea wakiwa vijana. Sisi wa amapiano tungengoja jioni, na hakuna kitu tungepoteza.

Sasa toka bara ushuke Pwani uone vile hii hesabu inabadilika. Kwa harusi za Waswahili kule Mombasa na Lamu, kuna usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui yanawekwa kando, watu wamependeza, na mara nyingi simu haziruhusiwi kupiga picha. DJ mwanaume akitokea hapo, hata awe bingwa aje, amemaliza sherehe. Unatafuta DJ mwanamke anayejua taarab na chakacha. Jina kubwa la Nairobi halitakusaidia.

Maswali ya kumuuliza kabla ya M-Pesa

Ukishapata watu wawili au watatu wa kulinganisha, usiulize tu "ni how much". Uliza hivi:

1. Nani hasa atakuja? Wasee wengi wanafanya kazi kwa krew. Unalipia jina unalolijua, halafu siku yenyewe analetwa kijana anayejifunza. Jina la atakayecheza liandikwe.

2. Umecheza harusi gani, na naweza kuongea na hao maharusi? Usiitishe mixi. Itisha simu ya mtu aliyeolewa. Muulize kitu kimoja: wazazi wako walicheza?

3. Vyombo ni vya nani? Spika, maiki, jenereta na usafiri viko ndani ya hiyo bei ama ni kando? Msee anaweza kukuambia thao kumi na tano, ukafurahi, kumbe ni yeye na laptopu yake tu.

4. Maiki ngapi? Hii watu husahau. Nusu ya siku ya harusi ni watu kuongea. Kama baba ya bibi harusi atatoa baraka zake kwa maiki inayolia kama paka, hakuna ngoma itarudisha hiyo dakika.

5. Unafika saa ngapi na unaondoka saa ngapi? Na saa za ziada ni pesa ngapi kila saa?

6. Ukiugua ama gari likiharibika, nani anakuja?

Majibu yote yaandikwe. Si lazima wakili. Hata karatasi moja yenye tarehe, bei, saa na sahihi mbili inatosha kuanzia. Lipa sehemu ya kushika tarehe, usilipe yote. Na mkutanishe DJ na MC kabla ya siku yenyewe, kwa sababu MC akiita keki na DJ yuko katikati ya ngoma, wageni wanaona aibu ya hao wawili na wanaiweka kwa maharusi.

Stima na majirani

Kuna vitu viwili havihusiani na ngoma lakini vinaweza kuzima ngoma.

Cha kwanza ni stima. Ijumaa usiku, 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilibaki giza. Fikiria ulikuwa na harusi Jumamosi yake. Agosti ni msimu wa harusi, kwa hivyo walikuwepo wengi. Jenereta si kitu cha kujionyesha, ni sehemu ya bei. Na iwe na mafuta.

Cha pili ni kelele. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia baada ya saa mbili, na kwa mitaa ya makazi kiwango kinashuka hadi desibeli 35. Hiyo ni karibu sauti ya watu wakinong'ona. Kwa hivyo kama unapanga sherehe ya jioni kwa keja ama uwanja wa mtaa, uliza kaunti mapema kuhusu kibali, na ongea na majirani. Nairobi wamekuwa wakali zaidi tangu Disemba 2022, kaunti ilipoamua maklabu hayatakaa tena kwa mitaa ya makazi. Hutaki bwana harusi amalize siku yake akibishana na askari getini.

Na wewe pia, lipa mtu

Tusiwachome ma-DJ peke yao. Ukiongea nao watakuambia yale maharusi huwafanyia. Pesa iliyobaki inageuka "nitakutumia Jumatatu". Mweka hazina anazima simu. Anacheza saa kumi bila hata glasi ya maji, na chakula kinakuja kikiwa kimebaki mifupa. Halafu kuna ile ya "cheza tu bure, utapata jina." Jina halilipi fundi wa spika. Mkikubaliana bei, hiyo pesa itengwe kando mapema na imfikie kabla keki ikatwe. DJ anayejua amelipwa hatazami saa, anatazama watu.

Na hiyo ndiyo kazi yenyewe, kutazama watu. Kuna DJ mmoja niliona kwa harusi ya binamu yangu, mwaka uliofuata. Hakuwa na jina kubwa, laptopu yake ilikuwa imefungwa na selotepu pembeni. Lakini wiki moja kabla, alipigia simu mama wa pande zote mbili. Aliwauliza swali moja tu: "Mama, siku yako mlichezea ngoma gani?" Siku ya harusi, saa tisa mchana, akaziweka hizo ngoma mbili moja baada ya nyingine. Hao wamama wakaangaliana kutoka tenti zao, wakainuka bila kuitwa na MC, wakakutana katikati.

Hiyo simu iligharimu mjazo wa mbao. Kabla hujatuma doh kwa mtu yeyote, muulize kama ataipiga.